Kisiwa chenye Hazina kwenye skrini: utamchagua Silver wa nani?

Kuna filamu nyingi mno za Treasure Island, riwaya ya maharamia ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kuwa kitabu mwaka 1883. Ukilitafuta jina hilo unaletewa za enzi ya sinema bubu, za televisheni, za katuni, tamthilia za vipande vipande, na nyingine zilizoazima jina tu. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi waliomaliza kukisoma kitabu, au mzazi aliyeahidi sinema Jumamosi usiku, hawezi kuzipitia zote. Hapa nimeweka nne mezani: ya Disney ya 1950, ya televisheni ya TNT ya 1990, ya wanasesere wa Muppet ya 1996, na katuni ya Disney ya 2002, Treasure Planet, iliyoihamishia hadithi yote angani. Zilizobaki nitazigusa kwa haraka baadaye.

Hadithi ina zaidi ya miaka 140, kwa hiyo sitauficha mwisho wake. Anayetaka kushtukizwa asome kitabu kwanza, kisha arudi hapa.

Kwa ambaye hajakisoma na hana mpango huo: Jim Hawkins ni mtoto wa mwenye nyumba ya wageni kwenye pwani ya Uingereza. Baharia mzee na mlevi, Billy Bones, anakuja kupanga pale, na anamwahidi Jim sarafu ya fedha ya peni nne kila mwezi, kazi yake iwe kumwangalizia kama atatokea baharia mwenye mguu mmoja. Bones anakufa, na ndani ya sanduku lake inapatikana ramani ya hazina ya haramia Nahodha Flint. Daktari Livesey na bwana mwenye mashamba, Trelawney, wanaandaa merikebu iitwayo Hispaniola pale Bristol. Trelawney hajui kufunga mdomo. Kabla hawajang'oa nanga, mji mzima unajua wanakokwenda, na mabaharia waliojaa kwenye merikebu ni watu wa Flint wale wale. Kiongozi wao ni mpishi, Long John Silver, mguu wa kushoto umekatwa karibu na nyonga, mkongojo kwapani, kasuku begani.

Sisi huku tulimjua Silver mapema kuliko watu wanavyodhani. Tafsiri ya Kiswahili ya Frederick Johnson, Kisiwa chenye Hazina, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1920. Maana yake ni kwamba kuna wanafunzi wa Tanganyika waliomsoma kwa Kiswahili kabla Hollywood haijatoa sinema yake ya kwanza yenye sauti kutokana na kitabu hicho, mwaka 1934.

Nalinganisha kwa kipimo kimoja, nacho ni Silver mwenyewe. Merikebu nzuri, visiwa, mapanga na mizinga, hivyo vyote pesa inanunua. Silver haununui. Stevenson alimchora kutokana na rafiki yake, mshairi W. E. Henley, aliyekuwa amekatwa mguu na bado alikuwa mtu wa kishindo, kicheko na nguvu. Akamvua wema wa rafiki yake, akamwachia ule mvuto.

Tazama eneo la pipa la matufaha, ambalo kila mwongozaji hulazimika kulifikia. Usiku, karibu wanafika kisiwani, Jim anatumbukia ndani ya pipa kutafuta tunda la mwisho. Silver anakuja kuketi hapo hapo, mgongo kwenye pipa, na anaanza kumrubuni baharia kijana ajiunge na uasi. Kinachonifurahisha ni kwamba hamzungumzii damu. Anamzungumzia akiba. Maharamia wengine, anasema, wakipata fedha wanaimaliza kwa pombe na starehe kisha wanarudi baharini na shati la mwilini tu. Yeye alijiwekea pauni 900 alipokuwa na nahodha wake wa zamani na 2,000 baada ya Flint, kaziweka huku kidogo na kule kidogo ili mtu asimshuku. Ana miaka 50, na akitoka safari hii anataka kuishi kama bwana wa heshima. Kisha, kwa sauti ile ile ya mtu anayepanga bajeti, anaeleza kwamba wakubwa wote wauawe, ila si sasa. Hazina ipakiwe kwanza, na nahodha awapeleke nusu ya njia ya kurudi, maana yeye ndiye anayejua kuongoza chombo.

Katika kitabu Jim anaumia kwa jambo jingine kabisa kabla hata ya kuogopa. Anasikia Silver akimmwagia yule kijana sifa zile zile, neno kwa neno, alizommwagia yeye. Alidhani yeye ni kipenzi, kumbe ni mteja wa pili kwenye foleni. Filamu inayoweza kukufanya usikie wivu huo pamoja na woga imekipata kitabu. Inayokupa woga peke yake, au mapenzi peke yake, imeshika nusu.

Newton wa 1950 na Heston wa 1990

Hizi mbili ndizo zinazofaa kuwekwa ubavu kwa ubavu, kwa kuwa zote zina watu halisi, zote zinataka kukifuata kitabu, na kila moja imefanikiwa mahali ambapo mwenzake ameanguka.

Ya 1950 iliongozwa na Byron Haskin, na ndiyo filamu ya kwanza ya Disney iliyoigizwa na watu mwanzo hadi mwisho, bila mchoro wa katuni hata mmoja. Ilitengenezwa Uingereza kwa sababu ya kihasibu kuliko ya kisanii: baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya huko ilizuia makampuni ya sinema ya Marekani kuondoa mapato yao yote nchini, kwa hiyo fedha ya Disney ililala huko ikisubiri matumizi. Ikatumika kumtafuta Silver, na akapatikana Robert Newton.

Newton alizaliwa Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza, na alichofanya ni kukichukua Kiingereza cha upande huo, chenye herufi r inayokokotwa kama nanga, akakitia chumvi mpaka kikafurika. Kila haramia unayemsikia akinguruma kwenye katuni, kwenye matangazo, kwenye sherehe za watoto, ananguruma kwa koo la Newton. Hapo pana mtego kwa mtazamaji wa leo. Ukimwona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani mzee huyu anaiga maharamia wa kwenye sinema, wakati wao ndio wanaomwiga yeye. Mpe dakika 10 za mwanzo. Baada ya hapo unaanza kuangalia macho. Mdomo unatabasamu, sauti inabembeleza, jicho linapiga hesabu.

Namna anavyomteka Jim ni ya kiufundi. Anampa mtoto bastola iwe yake, siri yao wawili. Stevenson hakuandika hivyo, lakini angeikubali, maana mtoto aliyepewa silaha na mtu mzima bila wakubwa kujua tayari yuko upande wa mtu huyo, hata kabla hajaamua. Ukifika kwenye pipa la matufaha unajisikia umetukanwa pamoja na Jim.

Jim mwenyewe ni Bobby Driscoll, Mmarekani wa miaka 12, na anazungumza Kimarekani katikati ya Uingereza ya karne ya 18 bila mtu yeyote kushangaa. Itakukera au haitakukera. Mimi ilinikera kidogo kisha nikasahau, kwa sababu uso wake unasema kila kitu. Nyuma ya kamera hali ilikuwa ya hekaheka: hakuwa na kibali cha kufanya kazi kama mtoto kwa sheria za Uingereza, suala likafika mahakamani, na watengenezaji wakalazimika kuharakisha picha zake za karibu kabla hajaondoka nchini. Kwenye filamu huoni haraka hiyo.

Sasa ya 1990. Mwongozaji ni Fraser Heston na Silver ni baba yake, Charlton Heston, ambaye wengi wetu tunamjua kama Musa wa The Ten Commandments. Hiyo peke yake ni shida ndogo. Mtu aliyepasua bahari kwa fimbo anaposhika mkongojo, macho yanakataa kidogo. Lakini tatizo kubwa ni kwamba Heston hataki kupendwa. Silver wake ni mkavu, mzito, mwenye sauti ya amri, na alikuwa amevuka miaka 65 akiigiza mtu wa 50. Ukimwona tu unajua huyu ni muuaji. Kwa hiyo kwenye pipa la matufaha unapata taarifa, hupati pigo. Hukuwahi kumwamini, atakusaliti vipi?

Ila nje ya Silver, ya 1990 inaipiku ya 1950 karibu kila mahali. Maneno mengi yametolewa kitabuni yalivyo. Oliver Reed kama Billy Bones analewa kwa namna inayotia hofu na huruma pamoja. Christopher Lee ndiye Pew, yule kipofu anayekuja kumkabidhi Bones doa jeusi, karatasi ya hukumu ya maharamia, na ni yeye atakayewakosesha watoto usingizi, si Silver. Pete Postlethwaite yumo kama George Merry, haramia mlalamishi anayetaka uongozi bila kuuweza. Jim ni Christian Bale, na alikuwa na miaka kama 15, kijana anayekaribia kuwa mtu mzima. Umri huo unabadilisha hadithi. Driscoll anahitaji baba. Bale anahitaji mtu wa kumpima naye nguvu, na anapombana haramia Israel Hands kule juu ya mlingoti, bastola mkononi, unaamini kabisa kwamba kijana huyu anaweza kufyatua.

Kuna pia merikebu. Hispaniola ya 1990 ni chombo cha kweli kinachotembea kwa tanga baharini, ile nakala ya merikebu ya kihistoria Bounty iliyojengwa kwa ajili ya filamu ya 1962, Mutiny on the Bounty. Kamba zinalia, mbao zinagongana, watu wanapanda mlingoti wakiwa na maji chini yao. (Chombo hicho kilizama Oktoba 2012 katika kimbunga Sandy, pwani ya mashariki ya Marekani.) Ya 1950 ina michoro mizuri ya mandhari iliyounganishwa na picha, kazi ya Peter Ellenshaw, na rangi zake zinapendeza kama kadi za posta. Lakini mtu aliyekulia karibu na majahazi atajua mara moja ipi ina upepo. Ongeza muziki wa The Chieftains wa Ireland, zumari na fidla, na unapata filamu inayonusa chumvi.

Kuhusu lugha, jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya hawana sababu ya kulifikiria: kwa mtu aliyejifunzia Kiingereza darasani, nusu ya anachosema Newton inapotea. Washa maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Heston anatamka wazi, kama mtu anayesoma tangazo, ingawa maneno yenyewe ni ya kizamani. Kwa darasa la sekondari linalosoma kitabu, hilo ni jambo zito, na ndiyo sababu mwalimu ningempa ya 1990 bila kusita. Ina saa mbili na zaidi kidogo, kwa hiyo atahitaji vipindi vitatu.

Miisho yao inatofautiana vile vile. Kitabuni Silver anatoroka usiku bandarini, Ben Gunn, baharia waliyemkuta kisiwani, akimsaidia, na mfuko mmoja wa sarafu zenye thamani ya gini 300 au 400 hivi. Hakuna kuagana. Jim anarudi merikebuni alfajiri, mtu hayupo, na wote wanaona wamemwondoa kwa bei nafuu. Ya 1990 inaenda karibu na hapo. Ya 1950 imetunga kitu chake: Silver anateka mashua na kumlazimisha Jim ashike usukani, Jim anaipandisha makusudi kwenye mchanga, Silver anamwelekezea bastola na anashindwa kufyatua. Kisha mtoto, akimwona mzee mwenye mguu mmoja akihangaika kuisukuma mashua, anakwenda kumsaidia. Ni tofauti na Stevenson, na ni bora kuliko ninavyopenda kukiri, maana swali lote la hadithi limejibiwa kwa mikono, bila hotuba.

Kwa hiyo: ukitaka hadithi ilivyoandikwa, chukua ya 1990. Ukitaka Silver alivyoandikwa, chukua ya 1950. Nikilazimishwa kubaki na moja nitabaki na ya Newton, na sitabishana sana na atakayechagua nyingine.

Wanasesere na merikebu za angani

Upande wa watoto, Muppet Treasure Island na Treasure Planet zinaonekana kama jamii moja, ila haziwahudumii watoto wale wale.

Ya 1996, iliyoongozwa na Brian Henson, inamweka Kermit chura kuwa Nahodha Smollett, mwongozaji wa Hispaniola, dubu Fozzie kuwa Trelawney, na nguruwe Miss Piggy kuwa Benjamina Gunn, badala ya yule Ben Gunn aliyetelekezwa kisiwani miaka mitatu akiota jibini usiku na mchana. Gonzo na panya Rizzo wanamsindikiza Jim, na Rizzo ameuza tiketi kwa panya wenzake, wamejaa kwenye merikebu kama watalii. Katikati ya vurugu hizo amesimama Tim Curry, mwanadamu kati ya vinyago, na anamcheza Silver kwa umakini kuliko unavyotarajia. Anacheka, anaimba, anamkumbatia mtoto, na hata ukijua ni filamu ya wanasesere unajiuliza kama kweli atamdhuru. Kwa kipimo changu cha kupenda na kuogopa, Curry anamfuata Newton kwa karibu, na Heston yuko nyuma yao wote wawili. Najua inavyosikika.

Nyimbo ni za Barry Mann na Cynthia Weil. Ule wa mabaharia kurukwa na akili upepo ulipokata ni dakika chache za wazimu mtupu, na watoto watauomba tena.

Nina malalamiko mawili. La kwanza, utani mwingi ni wa kucheza na maneno ya Kiingereza. Mtoto wa miaka 6 wa Morogoro au Kisumu ambaye Kiingereza bado ni cha shuleni atacheka dubu akianguka, ila robo tatu ya mzaha itampita. La pili ni zito zaidi. Kisiwa cha Stevenson hakina wenyeji. Filamu hii imekitilia kabila la nguruwe wa porini, wenye ngoma na mapambo, wanaomwabudu mgeni kama malkia. Ni dhihaka ya sinema za zamani za "washenzi wa msituni", na labda waandishi walidhani dhihaka inatosha kuwa kinga. Sisi ambao sinema zile zilidai kutuonyesha tunaweza kulitazama eneo hilo kwa uso mwingine. Sisemi uifungie filamu. Nasema uwepo sebuleni likifika, uwe na neno la kuwaambia watoto.

Treasure Planet iliongozwa na Ron Clements na John Musker, na Clements alikuwa amelipendekeza wazo hilo kwa Disney tangu katikati ya miaka ya 1980. Merikebu zina milingoti na matanga lakini zinapaa kati ya nyota. Silver ni nusu mtu, nusu mtambo: mkono, mguu na jicho ni vya chuma. Mwili wake ulichorwa kwa mkono na kikosi cha Glen Keane, ule mkono wa chuma ukatengenezwa kwa kompyuta, na viwili hivyo vimeshonwa pamoja bila kuonekana mshono. Angalia eneo la jikoni Jim anapokutana naye kwanza. Bones amekwisha kumwonya ajihadhari na mtu wa chuma. Mbele yake kuna mtu wa chuma, anapika. Mkono unageuka kisu, unageuka mwiko, unakata, unakaanga, na wakati wote huo mzee anachekesha. Jim anauliza maswali ya mtego kwa sauti ya kawaida, Silver anayakwepa kwa sauti ya kawaida. Ni Stevenson mtupu, ndani ya mavazi ambayo Stevenson asingeyatambua.

Hapa Jim ana miaka ya ujana, baba aliondoka nyumbani akamwacha, mama anahangaika na nyumba ya wageni, na yeye anakamatwa na polisi kwa kuchezea chombo chake cha kupaa mahali palipokatazwa. Kila mtaa una kijana huyo. Filamu inamfanya Silver kuwa baba wa kwanza kumwambia kwamba anaweza, na inalijenga hilo kwa wimbo mmoja na picha za kazi: kusugua sakafu, kufunga mafundo, kurusha mashua ya angani. Kwa hiyo pipa linapofika (humo mna matunda ya sayari yao, si matufaha) linaumiza kuliko kwenye filamu nyingine yoyote. Silver amebanwa na wenzake wakimshuku kuwa amelainika kwa mtoto, na anajitetea kwa kumkana. Kitabuni alikuwa akirudia uongo wake kwa mtu mwingine. Hapa anadanganya kwamba hapendi, na Jim amejikunja ndani ya pipa akiusadiki uongo huo.

Bei ya uzuri huo inalipwa mwishoni. Silver anaiachia merikebu iliyojaa dhahabu ili amwokoe Jim, na akiondoka anamtupia kiganja cha vito vya kuijenga upya nyumba ya mama yake. Machozi yatatoka, ila yule mzee wa pauni 900 amekufa hapo. Silver wa kweli asingeiachia dhahabu yote. Angemwokoa mtoto kama hesabu inaruhusu, na angehakikisha inaruhusu. Ya Muppet, kwa mzaha wake wote, haimsamehi kirahisi hivyo: Jim anamwacha aende na mashua na dhahabu, kumbe mashua ni mbovu, inazama, na Silver anabaki ufukweni akisikiliza vichekesho vibovu vya sanamu la jiwe.

Sokoni Treasure Planet ilianguka vibaya. Iligharimu takribani dola milioni 140 na ikaingiza kama milioni 110 duniani kote, na kwa muda mrefu ilitajwa kama mfano wa hasara. Usiihukumu kwa hilo. Katika nne hizi, ndiyo inayoeleweka zaidi kwa macho peke yake. Mtoto asiyejua Kiingereza hata neno moja atajua nani anampenda nani, nani anadanganya, nani anaondoka. Kwa nyumba yenye watoto wa rika mchanganyiko na Kiingereza cha viwango mchanganyiko, nadhani haina mpinzani. Ila iweke mbali na mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kitabu: Livesey na Trelawney wamefinyangwa kuwa mtu mmoja mwenye sura ya mbwa, Nahodha Smollett amekuwa mwanamke mwenye sura ya paka, na Ben Gunn ni roboti aliyenyofolewa kumbukumbu. Na kasuku hayupo, nafasi yake kuna kidonge cha rojo kinachobadilika umbo. Watoto wanakipenda kuliko mhusika mwingine yeyote.

Zilizobaki, kwa haraka

Ya MGM ya 1934, ya Victor Fleming, inamkutanisha tena Wallace Beery na mtoto Jackie Cooper, waliowaliza watu kwenye The Champ miaka mitatu kabla. Nayo inataka kuliza. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na Lionel Barrymore kama Billy Bones anastahili nusu saa yako. Baada ya hapo ni wewe na uvumilivu wako.

Ya 1972 ina Orson Welles. Mwili wa Silver anao, jina analo, ila maneno yanamfia mdomoni. Ipite.

Tamthilia ya televisheni ya Sky ya Uingereza ya 2012 ina Eddie Izzard, Silver mwenye akili na utulivu, na Elijah Wood kama Ben Gunn. Ni sehemu mbili ndefu na inambadilisha Trelawney kuwa mtu wa tamaa, jambo lililowaudhi wapenzi wengi wa kitabu. Angalau imekumbuka kwamba Silver ana mke. Kitabuni ni mwanamke Mweusi, ndiye anayeshika fedha zote na ndiye aliyepangiwa kuuza baa yao ya Bristol na kumfuata mumewe, na karibu kila filamu imemtupa baharini bila maelezo. Mtu akitengeneza filamu ya mwanamke huyo, mimi nitanunua tiketi ya kwanza.

Halafu kuna ya Kyiv ya 1988, katuni ya David Cherkassky, ambayo huenda umeiona bila kujua. Yule Daktari Livesey anayetembea kifua mbele, meno nje, muziki ukidunda, aliyezagaa kwenye simu za watu kuanzia 2022, anatoka humo. Filamu nzima ina wazimu huo huo, ikikatizwa na nyimbo za watu halisi zinazokanya uvutaji sigara na ulevi. Tafuta iliyo kamili, kwa kuwa toleo lililouzwa Marekani liliondolewa vipande vya nyimbo. Imetengenezwa kwa Kirusi, kwa hiyo sote tunasoma maandishi ya chini kwa usawa.

Jambo la kuangalia kabla hujalipia ya 1950: urefu. Mwaka 1975 Disney waliirudisha kwenye majumba ya sinema wakiwa wameikata ili ipate daraja la kutazamwa na watoto wote, na kipande kilichoumia zaidi ni kile cha Israel Hands kurusha kisu na Jim kumpiga risasi usoni. Nakala kamili ina dakika 96. Watoto wa chini ya miaka 8 wanaweza kukikosa kipande hicho bila hasara, lakini kama una kijana wa miaka 12 kwenye kochi, mtafutie iliyo kamili, maana ndiyo dakika pekee ambayo ile bastola ya zawadi inaleta deni lake.